Mishono Iliyomtaja Dada

Asubuhi ya raundi, nesi alipombandua dereva wa lori bandeji ya tumboni, mshono ulikohoa kidogo, ukasema, "Aliyenishona ni yule dada mfupi. Mzee alikuwa nje, anaongea na simu."

"Tulia kwanza nikusafishe," nesi alisema, akachovya pamba kwenye spiriti.

Kufikia mchana wodi nzima ilikuwa inasema. Mishono ya ngiri, ya kidole tumbo, ya wengu uliopasuka, yote ilimtaja Dada. Ndivyo walivyomwita daktari huyo wa upasuaji miaka yote, na wagonjwa wakamtuma maji ya kunywa kama mhudumu. Mzee, mkuu wa idara, alikuwa akipasua ngozi, anatoka, kisha anarudi kupokea shukrani za ndugu. Kuku jike hawiki, wanasema. Haya, mishono iliwika.

Mzee alikuwa anastaafu. Kiti chake kiligombewa na Dada pamoja na Bingwa, daktari aliyelipata jina hilo uwanjani, anakocheza mpira na wakubwa.

Jopo la kumchagua mkuu mpya lilikuja wodini kusikia lenyewe. Likapita kitanda kwa kitanda, kwa adabu. Mshono wa bibi mmoja ulieleza jinsi Bingwa alivyokata mshipa, na Dada akaubana kwa vidole mpaka damu ikakoma.

"Mishono haina sababu ya kusema uongo," mwenyekiti alikiri. "Ila, Dada, una watoto wadogo. Kazi hii ni ndoa."

"Bingwa ana wanne."

"Bingwa ana mke."

Wajumbe wakacheka, kicheko cha watu wanaojuana. Kiti akapewa Bingwa.

Lakini mishono haikunyamaza, na ndugu wa wagonjwa wakaanza kuuliza. Bingwa akajaribu kuiziba. Ikafumuka, ikaendelea palepale ilipoishia. Wakamwita Dada.

"Una mkono mwepesi, mama," mwenyekiti alimbembeleza. "Mshono wako haufumuki."

Dada akavaa glavu, zile kubwa walizoagiziwa wanaume, ncha zikimning'inia vidoleni. Akamwinamia dereva.

"Hata wewe?" mshono ukauliza.

"Kidonda kinachosema hakifungi. Huyu baba ataoza tumbo."

Mshono ukafikiri. "Hapo kweli," ukasema, ukafumba mdomo.

Alishona vitanda vyote. Nyuma yake Bingwa alisimama, shingo ameinyoosha, akitazama fundo linavyofungwa.