Kofia Kwenye Kiota cha Furukombe

Mwizi wa kuni hakuwa ndege, na Hilkka alilijua hilo kuliko mtu yeyote, kwa sababu mwizi alikuwa yeye.

Kila asubuhi jirani yake Taisto alikwenda dukani kunywa kahawa na kubishana. Akishatokomea tu, Hilkka alipiga makasia kukata ghuba, akafika kwenye mwamba wa Taisto, akachagua matawi makavu katika rundo la moto wa Juhannus, sikukuu ya katikati ya kiangazi, na kuyajaza kwenye mashua. Kisha alirudi taratibu, uso mkavu, kama bibi aliyetoka kutazama nyavu zake. Kuni akazificha nyuma ya sauna, kibanda chake cha kuogea kwa mvuke.

Alikuwa na sababu. Ng'ambo ya mwamba ule, juu ya msonobari uliovunjika kilele, furukombe wawili, ndege wakubwa wavuao samaki, walikuwa wanalea makinda. Kiota chao kilikaa juu ya jukwaa la mbao alilolipigilia misumari marehemu mumewe, Voitto, ili ndege wapate pa kujenga. Hilkka alimkataza kupanda nalo mtini, kwa sababu ya moyo wake mgonjwa, na Voitto akasema sawa, vijana wa kijijini watalipandisha. Baada ya hapo mzee wa watu alikaa barazani na darubini kila majira ya kuchipua, akingoja ndege waje. Hawakuja. Walikuja mwaka uliofuata mazishi yake. Hilkka aliwatukana. "Sasa ndiyo mnakuja!" alifoka, akalia, kisha akaingia ndani kutafuta darubini.

Sasa Taisto alitaka kuwasha moto wake wa katikati ya kiangazi kwenye mwamba uleule aliowashia baba yake, kijiji kizima kikija na soseji na kelele. Moshi ungekwenda moja kwa moja kwenye ule msonobari. Mama angeruka akimbie, na makinda, ambao hata manyoya hawajaota sawasawa, wangekufa kwa baridi.

Utauliza kwa nini hakumwomba tu. Kwenye ziwa lile, kumwambia mtu la kufanya kwenye mwamba wake mwenyewe ni utovu wa adabu unaokumbukwa mpaka theluji ianguke, tena ile ya mwaka wa pili. Kuiba kuni kuna nafuu, maana angalau kunafanyika kimyakimya. Isitoshe, Taisto alikuwa ameshatangaza dukani kwamba moto utawaka hata mvua ya mawe ikinyesha.

Siku moja Taisto alitia nanga kwenye gati la Hilkka, akapanda barazani, akakaa bila kukaribishwa.

"Kuni zangu zinapungua."

"Pole, jirani. Kahawa?"

"Kahawa sikatai. Kuna mwizi."

"Ni yule furukombe dume," alisema Hilkka huku akimimina. "Anajengea kiota. Nimemwona kwa macho yangu haya mawili."

Taisto aliutazama msonobari, akaitazama kahawa yake. "Juzi limeondoka gogo nene kama paja langu."

"Ana nguvu yule, usimwone hivyo."

"Na mlango wa choo changu cha zamani?"

Hilkka aliukumbuka mlango ule. Ulimtoa jasho, na nusura umzamishe. "Kwani ulikuwa mzito?" akauliza.

Taisto aliweka kikombe chini. Alinyoosha mkono akachukua darubini, akatazama muda mrefu hadi kahawa ikapoa. Dume alikuwa amefika na samaki asiye na kichwa, na mama alikuwa akimchanachana vipande vidogovidogo.

"Kichwa kiko wapi?"

"Kakila baba njiani."

"Ana haki yake. Kavua mwenyewe," alisema Taisto. Kisha, darubini ikiwa bado machoni: "Yule mdogo wa pembeni naye anapata?"

"Anapata wenzake wakishashiba."

"Huo ni uonevu," alisema Taisto, akaondoka amenuna.

Kesho yake alirudi na mkate wa iliki. Akasema anakuja kulinda kuni zake, na barazani kwa Hilkka ndipo mwamba unapoonekana vizuri. Hapo Hilkka akakwama. Angekwendaje kuiba huku mwenye mali amekaa kwenye kiti chake, anakula mkate na kuuliza habari za yule mdogo? Jioni Taisto alirudi kwake akaongeza matawi, na rundo likapanda juu kuliko mwanzo. Hilkka alilitazama kwa hofu na hasira, akashindwa kula.

Juhannus ilipokaribia, wakiwa wamekaa hivyo, dume alishuka kwenye mwamba. Alinyakua kijiti kutoka juu ya rundo, na chini ya kijiti kilining'inia kitu chekundu.

"Kofia yangu!" aliruka Taisto. "Kofia yangu ya sauna!"

Ilikuwa yenyewe, ile ya sufu anayovaa ili joto lisimuunguze masikio. Ndege aliibwaga kiotani, na yule mdogo wa pembeni akaingiza kichwa ndani yake. Hilkka alicheka mpaka akaketi sakafuni.

"Si nilikwambia ni mwizi!"

"Ulisema," alisema Taisto, uso umemwiva. "Sikatai tena."

Mkesha wa Juhannus watu walifika na mashua zao, mwenye duka akiwa mbele na soseji zake, na jua, kama ilivyo kiangazi cha kaskazini, bado liko juu jioni ile kama adhuhuri. Hilkka alisimama nyuma yao. Taisto alipanda mwambani, akatoa kibiriti, akakitazama, akakirudisha mfukoni.

"Hakuna moto," alisema.

"Wewe si ndiye uliyesema hata mvua ya mawe inyeshe?" aliuliza mwenye duka.

"Kofia yangu iko kule juu. Nikiwafukuza wale, nani atailinda? Nangoja waende zao Afrika, ndipo niichukue."

"Moto wote huu, kwa ajili ya kofia?"

"Ni kofia nzuri."

Hapo mjadala ukaisha, maana kofia ya sauna ya mtu ni jambo lake binafsi. Soseji zikahamia kwa Hilkka, zikaokwa juu ya jiko la sauna, na watu wakala wakinong'ona, macho yao kwenye msonobari.

Walipoondoka, Taisto alijitolea kuleta kuni za kuchochea jiko. Hilkka alikuwa anasuuza vikombe, na alipokumbuka kilichoko nyuma ya sauna, jirani yake alikuwa ameshasimama mlangoni, na mlango mwingine kwapani.

"Ndege wako kakuletea choo," alisema.

Hilkka aliona haya mpaka shingoni. Lakini hakuwa mtu wa kuzama peke yake. "Na kofia yako nayo ilifikaje juu ya rundo?"

"Upepo."

"Upepo umejifunza lini kufunga fundo? Nimeona kwa darubini, Taisto. Ilikuwa imefungwa kwenye kijiti kwa uzi, ndege aichukue upate kisingizio."

Taisto aligeukia ziwa. "Ungeniomba tu, Hilkka."

"Ungekataa."

"Ningekataa. Kesho yake ningekubali."

"Na kwa nini ukubali? Wewe ndege wanakuhusu nini?"

Aliuegemeza mlango ukutani, akajikuna kichwa kisicho na kofia. "Voitto alikwambia nani alilipandisha lile jukwaa?"

"Vijana wa kijijini."

"Vijana gani? Alipanda mwenyewe. Ngazi niliishika mimi, na akaniapisha nisikwambie. Alikaa kule juu anaimba kama mlevi. 'Namwona Hilkka anaanika nguo,' akaniambia, 'na yeye hanioni.'"

Hilkka alitaka kumtukana marehemu, lakini machozi yalimtangulia. Alitazama kamba yake ya nguo, akautazama msonobari, na ni kweli, kutoka kule hakuna kitu cha uani kwake ambacho kingefichika.

"Waongo nyie," alisema, akajifuta kwa aproni. "Leta shoka tuupasue huo mlango. Sauna inapoa."