Hemu ya Baba

Daktari alisema baba afikishe kilo hamsini, la sivyo hampasui. Alikuwa na arobaini na saba, na zilibaki wiki tatu. Mezani akageuka mtoto mtukutu: mayai anasukuma, samaki anasukuma, maharage hata hayatazami. Anataka hemu tu.

Si ajabu. Miaka thelathini na moja alitengeneza hemu. Mapaja ya nguruwe aliyalaza kwenye maji ya chumvi siku saba, kisha akayachemsha taratibu mpaka nyama iwe na rangi ya waridi. Akiyagusa maji yale kwa ulimi, alijua kama yamepungukiwa kijiko kimoja. Kaka yangu, aliyerithi bucha, mpaka leo humwogopa.

“Protini anaihitaji, kidonda kitafunga upesi,” afisa lishe aliniambia. “Lakini chumvi yote ile, na presha yake? Hapana, dada.”

Mimi neno hapana hunipanda kichwani. Nilichukua paja la hemu buchani kwa kaka, nikalikata vipande vyembamba, nikaviloweka kutwa nzima na kubadilisha maji mara nne. Nikachemsha, nikamwaga, nikachemsha tena. Nikachanganya na viazi, njegere na yai, bila chembe ya chumvi.

Kaka alionja, akakunja uso. “Hii umeifua, hukuipika. Mzee ataitupa dirishani.”

“Atakula,” nikasema.

Baba alitafuna polepole. Sisi wawili tulisimama mlangoni kama washtakiwa.

“Chumvi imekaa sawasawa,” akasema.

Kaka akanitazama.

“Baba, humo hamna chumvi,” nikasema.

Akaweka uma chini.

“Tangu nianze zile dawa, ulimi umekufa. Kila kitu ni kama natafuna karatasi. Hemu peke yake ndiyo naikumbuka ladha yake.”

“Mbona hukutuambia?” kaka akauliza.

“Nikuambie wewe? Mimi niliyekufundisha kuonja?”

Nilitaka kulia, na nikalia, lakini mkono ulishachukua kisu mezani. Kilo tatu ni kilo tatu. Niliketi karibu yake, nikakata kipande kingine, nikamlisha.

“Na hiki, baba? Nimekikoleza chumvi vipi?”

Akatafuna, akafikiri kama fundi.

“Umezidisha kidogo,” akasema, kisha akafungua mdomo tena.