Mbavu za Nasma

Niseme mapema tusije tukakosana: mimi ni dereva, na mimi na mbwa hatuna undugu. Kwetu Bungoma mbwa hulala nje, hubweka apendavyo, na ukirudi umechelewa anakufukuza hata kama amekujua tangu uzaliwe. Sasa nikuulize, mtu aliyelelewa hivyo afanye nini anapofika Riyadh, mtaa wa Al-Malqa, akakuta mbwa ana chumba chenye AC inayofanya kazi, na ya dereva inakohoa?

Mbwa huyo aliitwa Nasma. Alikuwa saluki, mbwa wa kuwinda wa watu wa jangwani: miguu mirefu, kifua kirefu, kiuno cha kushikwa kwa viganja viwili. Bosi wetu, Baba Mishari, ni mtu mpole, lakini ukigusa habari za saluki anageuka mwingine. Siku ya kwanza alituonya tusimwite Nasma mbwa. Mbwa ni wale wa barabarani. Saluki huingia hemani, hulala kwenye zulia, na kwa watu wenye heshima zao hauzwi, hutolewa kwa anayestahili. Nikasema, "Tamam, bosi." Moyoni nikasema mbwa ni mbwa.

Truphena Awino ndiye aliyekuwa akipika na kusafisha nyumba ile. Alipomwona Nasma mara ya kwanza alijishika mdomo. Mbavu za mnyama zilionekana ukiwa bado getini.

"Yawa! Barasa, hawa watu wamejaza magari uani na mbwa wao anakufa njaa?"

"Ndivyo saluki anavyotakiwa awe," nikamwambia. "Akinenepa hawezi kukimbia, na asipokimbia si kitu. Bosi amesema."

"Bosi asikudanganye. Kwetu Siaya mbwa mwenye mbavu ni aibu ya mwenye boma. Mgeni akipita anajua hapa hata watoto wanalala njaa."

Kumbishia Truphena ni kutwanga maji kwenye kinu. Kila asubuhi bosi akishatoka, alisonga ugali mdogo, akaulainisha kwa mchuzi wa kabsa ya jana, wali wao wa nyama, akamwekea Nasma nyuma ya jiko. Unga niliununua mimi kule soko la Batha, kwa hiyo usinione malaika. Mluhya kama mimi atakataaje kununua unga? Baada ya wiki chache, Nasma alikuwa akisikia mwiko ukigonga sufuria anakuja mbio, na jinsi alivyokuwa akizidi kunawiri ndivyo mbio zenyewe zilivyozidi kupungua.

Lakini nilimjua Truphena vizuri, na nilijua kilichokuwa kinamsumbua si mbwa. Mdogo wake, Jerusha, alikuwa akifanya kazi za nyumbani Jeddah. Wamekaa nchi moja miaka yote hiyo na hawajaonana hata mara moja. Ni mwendo wa kutwa nzima kwa gari, na kila mmoja ana kafili wake, mwajiri anayeshika ruhusa zake zote, na siku yake ya mapumziko. Kwenye simu Jerusha alikuwa akisema yuko sawa, lakini kila alipowasha video Truphena aliona mashavu yameingia ndani. "Amekonda, Barasa. Amekonda na anaficha." Akikata simu, alikwenda jikoni kusonga ugali, na Nasma akanona.

Sasa mkataba wa Jerusha ulikuwa umekwisha na tikiti ya kurudi Kenya imekatwa. Angeondoka Jeddah Jumamosi moja ya mwezi uliofuata, na mapumziko yake ya mwisho yalikuwa Ijumaa ya kabla yake. Baada ya hapo wangeonana lini, hakuna aliyejua.

Bosi alirudi kutoka safari ya kikazi, akafungua mlango wa chumba cha Nasma, akasimama.

"Wallahi, huyu ni nani?"

Nasma mwenyewe alitikisa mkia, na tumbo nalo likatikisika. Bosi alishika kichwa. Alikuwa ameahidiwa na ami yake wa Jeddah, Mzee Abu Nayif, kwamba Nasma atapandishwa na dume lake liitwalo Barq, na Mzee huyo hampi dume lake jike lolote tu. Ukoo wa Barq umetunzwa kwa midomo ya wazee, baba akimtajia mwana, na jike lisilokidhi vipimo hurudishwa kwao siku hiyo hiyo.

Bosi alijua mambo mawili kuhusu Kenya, chai na mbio. Akamtazama Truphena uso umejaa matumaini. "Wewe Mkenya. Kimbia naye."

Truphena, Mjaluo wa Siaya, mara ya mwisho kukimbia ni siku alipookoa nguo kwenye kamba mvua ikinyesha. Lakini bosi akisema yalla ni yalla. Kila alfajiri nikawa nawapeleka bonde la Wadi Hanifa, yeye kavaa abaya na raba. Nasma alikimbia kidogo, akageuka kuona Truphena yuko wapi, akarudi kukaa karibu naye. Mwisho wa zoezi aliyepungua alikuwa Truphena.

"Na ugali umeacha kumpa?" nikamuuliza.

"Mbwa akikimbia anasikia njaa zaidi. Nimnyime?"

Basi maumbile hayasubiri mtu. Nasma akapata joto mapema kuliko bosi alivyopiga hesabu, bado mnene vile vile, na ilikuwa wiki ile ile ya safari ya Jerusha. Bosi akasema twende, liwalo na liwe. Na kwa kuwa Nasma hakuwa akila kwa mkono wa mtu mwingine, Truphena naye aende. Mbwa wa kuwinda hupandishwa mara mbili, siku moja katikati: Alhamisi na Jumamosi. Maana yake tungelala Jeddah, na Ijumaa Truphena angekuwa huru. Alimpigia Jerusha akilia na kucheka kwa pamoja. Mimi nilijifanya napangusa kioo cha gari.

Tuliondoka Jumatano, bosi mbele, madam, mke wake, nyuma na chupa yake ya kahawa, Truphena kando yake, na Nasma kaweka kichwa mapajani mwa Truphena njia nzima.

Alhamisi asubuhi tukafika kwa Mzee Abu Nayif, shambani kwake nje ya Jeddah. Ni mzee mfupi, macho makali, sauti ya kuamrisha. Hakuuliza habari za safari. Alipiga goti mbele ya Nasma, akapitisha mkono mbavuni akitafuta mifupa, akakosa. Akaweka vidole juu ya mgongo, katikati ya mifupa miwili ya nyonga, kwa maana hapo ndipo wazee wao hupima nguvu ya kukimbia: vidole vinne vikae. Vya kwake vilizama kwenye mafuta. Akainuka akijifuta mikono.

"Baba Mishari, nilikwambia uniletee saluki. Umeniletea kondoo."

"Ami, atapungua..."

"Halas. Kunyweni kahawa mrudi Riyadh."

Bosi aliinamisha kichwa. Mtu mzima, mwenye ofisi yake, mbele ya ami yake alikuwa kama mtoto aliyevunja kikombe. Nikamtazama Truphena. Kurudi Riyadh maana yake leo, na leo si Ijumaa. Aliinama akamkumbatia Nasma shingoni. Nilimhurumia mpaka nikasahau njaa yangu.

"Nani aliyemharibu hivi?" Mzee akauliza.

Ningeweza kusema hatujui. Truphena akapiga hatua mbele.

"Ni mimi, baba. Niliona mbavu, nikadhani ana njaa. Sikuwa na nia mbaya."

Mzee alimkazia macho, akaguna, akaingia hemani. Kwa adabu za kwao mgeni hafukuzwi kabla ya kahawa, kwa hiyo nasi tukaingia, wanaume upande huu na madam upande ule. Truphena akabaki kivulini nje, mbele ya mlango wa hema, na Nasma. Ulikuwa wakati wake wa kula. Akafungua kontena yake ya chakula cha safari, ugali wa jana na mchuzi, akaumega kwenye sahani ya bati.

Hapo ndipo nilipomwona Barq. Alitoka nyuma ya hema taratibu, dume jeupe, refu, na kama Nasma alikuwa kondoo, huyu alikuwa hanga ya koti. Bosi akamwuliza ami yake kwa sauti ya chini kulikoni. Mzee akakiri, macho yamemlegea, kwamba tangu jike lake la zamani lilipokufa Barq amekataa chakula. Nyama, maziwa ya ngamia, tende, vyote anavinusa na kuviacha. Daktari wa mifugo amekuja na kurudi.

Barq alimfikia Nasma, wakanusana. Kisha akanusa sahani. Akalamba. Halafu akatumbukiza mdomo wote, wakala pamoja yeye na Nasma, kichwa kwa kichwa, mpaka bati likawa linasukumwa mchangani.

Mzee alisimama, kikombe mkononi, kahawa ikimwagika. Truphena, ambaye hakujua lolote, alimega tonge jingine akampa Barq kiganjani. "Kula, baba," akamwambia kwa Kiswahili. "Na wewe nani amekunyima?"

Madam akatokea kutoka upande wake. Yeye hamwogopi yule mzee hata kidogo.

"Ami, wamekula sahani moja. Kuna mkate na chumvi kati yao. Utamfukuza aliyekula mkate na chumvi nyumbani kwako?"

Kwa watu wale hilo si neno dogo. Ukishakula na mtu mkate na chumvi, hana ruhusa ya kukugeuzia mgongo. Mzee akatafuta pa kutokea. Akamgeukia Truphena, kidole juu.

"Chakula hicho kina chumvi?"

Nilitaka kumfinyia jicho. Nilikohoa. Sema ndiyo, mama, sema ndiyo! Lakini Truphena alimtazama kana kwamba ameulizwa kama jua ni baridi.

"Hapana, baba. Ugali hautiwi chumvi."

Moyoni nilikwisha kuwasha gari tunarudi Riyadh.

Mzee akaanza kucheka. Alianza kwa mabega, kikafuata kifua, mpaka akashika nguzo ya hema. "Huyu angeweza kusema uongo," akamwambia bosi. "Wewe ungesema." Akaingia ndani, akatoka na chumvi kidogo kwenye ncha za vidole, akainyunyiza kwenye tonge la mwisho, akawagawia Barq na Nasma nusu kwa nusu kwa mkono wake mwenyewe.

"Sasa ina chumvi. Kondoo wako abaki, Baba Mishari. Na huyu mama abaki na sufuria yake mpaka Jumamosi."

Mgeni njoo, mwenyeji apone. Jioni ile Barq alikwisha kuwa bwana harusi, na Mzee alikuwa akinielekeza kwa ukali nikamnunulie unga wa mahindi.

Ijumaa nikampeleka Truphena mtaa wa Al-Hindawiyah, mjini Jeddah. Jerusha alikuwa akitusubiri katika chumba cha rafiki yake, ngazi nyembamba, nguo zimeanikwa dirishani. Nilijua watapiga vigelegele, na majirani walijiandaa kusikia. Havikupigwa. Truphena alimshika mdogo wake mabegani, akamgeuza huku na huku, kisha akapitisha mkono mgongoni, juu ya nguo, polepole, mfupa baada ya mfupa. Niliwahi kuuona mkono wa namna ile jana yake tu, ila ule ulitafuta mbavu ukazikosa.

"Jerusha," akasema. "Wewe ndiye niliyekuwa nikimsongea."

Jerusha akaangua kilio kifuani pa dada yake. Truphena hakulia. Alivua abaya, akakunja mikono, akauliza sufuria iko wapi, na mtu yeyote mle ndani asithubutu kuleta mkate.

Tulikula sote kutoka sinia moja, mimi, wao wawili na mwenye chumba. Jerusha alipomaliza fungu lake la kwanza, Truphena alimwekea la pili. Alipomaliza la pili, akawekewa la tatu.

"Dada, nimeshiba! Unataka ndege ishindwe kuruka?"

"Kula," Truphena akamwambia, na sasa machozi yalikuwa yakimtiririka hadi kidevuni. "Mama akikupokea uwanja wa ndege, asizione mbavu zako."