Mabuu wa Chupa ya Tisa

Mwaka serikali ilipopunguza wafanyakazi, kituo cha utafiti wa wadudu kule juu ya Malindi ya Lushoto, milimani, kilibakiwa na mtu mmoja, Secilia. Wenzake saba walivua makoti meupe, wakateremka Lushoto na virago vyao. Yeye aliachwa alee nzi wa matunda, wale wadogo wanaozengea ndizi mbivu. Chupa zilikuwa arobaini, na hakukuwa na siku isiyo na chupa za kubadilishiwa uji, chakula cha hao nzi. Barua ilisema akiondoka bila ruhusa, asahau ajira ya serikali.

Mumewe Hezekia alikuwa Bulwa, akifanya kazi kiwanda cha chai, pamoja na mtoto wao Aron. Secilia hakuwa amewaona kwa miezi kumi na mmoja.

Chupa ya tisa ndiyo iliyomsumbua. Mabuu wa chupa nyingine, siku ya tano hupanda ukutani mwa chupa na kujifunga ndani ya ganda la kahawia, kisha hutoka nzi. Wa chupa ya tisa walikula tu, wakanenepa, wakafia kwenye uji. Dokta Scholastica, mtafiti mkuu aliyehamia Dar es Salaam, alikuwa amemweleza: ubongo hutuma protini kwenye tezi, tezi hutoa homoni, na homoni huuamuru mwili ubadilike. "Sijui hawa hawana homoni, au wanayo ila mwili hauisikii."

Asubuhi moja Secilia alichukua homoni kidogo iliyobaki kwenye jokofu, akaichanganya na uji wa mabuu thelathini wa chupa ya tisa. Thelathini wengine aliwapa uji mtupu. Siku ya tatu, ishirini na sita wa uji wa homoni walikuwa ndani ya maganda. Wale wengine, hakuna hata mmoja. Kumbe mwili ulisikia. Ilikosekana homoni tu.

Alimwandikia Dokta Scholastica barua, na chini akaomba ahamie Bulwa.

Jibu lililetwa na Hezekia mwenyewe, aliyelichukua posta ya Lushoto akija kumwona. Alilisoma kwa sauti: "Umefanya kazi kubwa. Wafadhili wameongeza miaka miwili ya utafiti. Usiwaache hao mabuu hata siku moja. Ya Bulwa tutazungumza."

Akaikunja barua. "Ungeshindwa, wangekuachia."

"Nadhani hivyo."

"Aron ameanza darasa la kwanza, Mama Aron. Zima hiyo hita, fungua dirisha. Baridi ya huku itawamaliza hao nzi, useme umeme ulikatika."

Secilia alisimama, akashika komeo la dirisha. Nje ukungu ulikuwa umeshafunika miti ya mapeasi. Lile komeo lilikuwa jepesi. Angeweza kulisukuma kwa kidole.

"Siwezi," alisema mwishowe. "Hapa ni mimi peke yangu ninayejua wanachokosa."

Hezekia aliwahi basi la mchana. Secilia alimsindikiza hadi getini, hakuvuka. Chupa kumi na mbili za siku hiyo zilikuwa zinasubiri uji.