Mahali pa Nguzo Kuangukia

Nyumba ya Mama Nelly haikuwa na kuta. Ilikuwa vigingi na kamba tu, kama ilivyochorwa siku ya kwanza: sebule, vyumba viwili, ukumbi mwembamba katikati, na penye mlango kamba iliachwa wazi ili watu wapite. Mumewe Damian ndiye aliyeipima, kisha akarudi machimboni, upande wa Bulyanhulu, kutafuta fedha za matofali ya kuijengea. Huko duara, shimo la wachimbaji, lilimfunika, na hakutolewa. Matanga yalipokwisha Mama Nelly alifagia sebule, akakaa. Kamba zilipooza alifunga nyingine. Usiku alilala kwenye kibanda cha bati nyuma ya kiwanja, lakini mchana wote aliishi ndani ya nyumba ile isiyo na paa.

Sisi wa huku pembezoni mwa Nyasubi tuliizoea. Ukienda kumsalimu ulipiga hodi mlangoni, ukavua viatu, ukakaribishwa sebuleni juani. Watoto waliokimbiza mpira waliuzunguka ukuta. Kuku peke yao ndio waliosamehewa. Mgeni aliyecheka alichekwa yeye.

Aliyepakana naye alikuwa Masalu, kijana fundi wa karasha, zile mashine zinazosaga mawe ya dhahabu, na alikuwa na kiburi cha mtu aliyejifunza kila kitu bila kufundishwa. Aliishi na mama yake, Zipora. Umeme wa nguzo za serikali ulikuwa haujafika kwao, naye alikataa kuungoja. Alichonga mapanga matatu ya mbao ya mninga, akasuka upya mota kuukuu, akavipandisha juu ya bomba refu la chuma. Vijana wa bodaboda walimuuliza kama anaipoza mbingu, maana feni za watu wengine hupuliza watu. Masalu aliwasha taa. Kesho yake wale wale walileta simu zao kuchaji.

Ulikuwa wakati wa kiangazi, pamba imeshavunwa, na upepo ulikuja kutoka mashariki ukiwa umebeba vumbi jekundu na harufu ya majani makavu. Mapanga yalipozunguka yalitoa sauti ndogo, kama mtu anayepumua usingizini, na kivuli chake kilipita juu ya mabati yetu, kikatupitia usoni, kikaenda zake. Tulijikuta tunaongea polepole.

Lakini mtaa ulikuwa na kanuni. Nguzo ya mtu mmoja iliwahi kuangukia jiko la jirani, na tangu hapo mkutano ulikubaliana: anayesimamisha kinu cha upepo nyumbani kwake awe na mahali pa nguzo kuangukia, kila upande, urefu wake wote. Mahali hapo pakivuka mpaka, jirani atamke mwenyewe mbele ya mwenyekiti kwamba amekubali, na pasijengwe kitu chochote maadamu nguzo imesimama. Asipokubali, nguzo ishuke.

Mwenyekiti wetu, mzee Januari, alimwambia Masalu apime kisha akamwombe jirani, naye atakuja Jumamosi kusikia. Pande nyingine zote zilikuwa barabara na shamba la mihogo la Zipora. Ulibaki upande wa Mama Nelly.

Masalu alishika utepe wa kupimia, akafunga ncha yake kwenye nguzo, akaanza kurudi kinyumenyume, macho yakiwa juu kwenye mapanga. Alipenda kuyatazama. Alirudi hivyo hivyo, akavuka mpaka, akakata kamba kwa kisigino, akaingia chumbani kwa Mama Nelly kupitia ukutani, na viatu miguuni. Utepe uliishia pale ambapo Damian alikuwa amepanga kitanda kikae.

Mama Nelly alikuwa sebuleni akichambua kunde. Aliweka ungo chini, akapita mlango wa chumba, akapiga magoti na kuunga kamba. Jioni alimtumia mwenyekiti salamu kwamba yeye hakubali.

Zipora alimwambia mwanawe akaombe radhi. Masalu alikataa. Alisema hawezi kuomba radhi kwa hewa, ukuta haupo, na kama haupo hakuuvunja. Mama yake alimwambia kwamba kwenye sebule hiyo ya hewa ndiko yeye alikolelewa, akinyweshwa uji, wakati Zipora akihangaika na maradhi hospitalini.

Basi Masalu akajaribu njia yake. Alipiga hesabu kwenye karatasi kwanza, kisha akashusha nguzo, akasimamisha bomba jingine fupi ambalo lingeangukia ndani ya kiwanja chake, na juu yake akaweka kinu. Lakini upepo wa chini umeshagongwa na mabati na miti ya watu. Mapanga yalishtuka, yakarudi nyuma, yakasimama. Vijana wa bodaboda walisema sasa mbingu imepoa. Masalu akairudisha nguzo ndefu, kwa hasira tu, ili Jumamosi ikiamriwa kushuka, ishuke ikiwa nzima.

Ijumaa alasiri alipanda kuyafungua mapanga. Aliweka mguu juu ya vikanyagio alivyochomelea mwenyewe, akapanda hadi mabati yakawa chini, kisha miti, kisha kelele. Akafunga mapanga kwa mpira wa baiskeli yasizunguke. Akatazama chini.

Nyumba ilikuwa pale. Kutoka ardhini zilikuwa kamba. Kutoka juu ilikuwa nyumba nzima, kana kwamba mtu ameinua paa ili Masalu achungulie. Sebule ilikuwa na mistari ya ufagio kama mkeka uliosukwa. Mama Nelly alitoka sebuleni, akapita ukumbini, akaingia chumbani, akigeuka pale pale penye kona, asikosee. Na kwenye kila chumba, upande wa mashariki, palikuwa na vigingi viwili vifupi vilivyokaribiana. Masalu hakuwahi kuviona. Yalikuwa madirisha. Yote yalielekea kule kule kulikoelekea mapanga yake.

Upepo ulimpiga kifuani. Aliuona ukipita chini, ukibeba vumbi kidogo, ukiingia dirisha hadi dirisha.

Alishuka bila kufungua hata skrubu moja. Alizunguka mpaka mlangoni.

"Hodi."

"Karibu. Viatu."

Alivua. Akaonyeshwa kigoda. Alisema shikamoo, akaitikiwa marahaba, kunde zikiendelea kudondoka kwenye ungo.

"Mama Nelly, nilipita ukutani."

"Ulipita kitandani, ng'wanawane, mwanangu. Ukutani ulipita njiani tu."

Masalu aliinamisha kichwa, na akaomba radhi. Kisha akamwambia kuhusu madirisha. Mama Nelly aliacha kuchambua. Akaeleza kwamba Damian alikuwa akishinda shimoni ambako hewa huteremshwa kwa bomba, na kila akirudi alisema nyumba yake itakuwa na upepo hadi mbuzi waombe blanketi. Alizunguka na vigingi siku nzima, analowesha kidole, anakiinua.

"Nguzo yako ikianguka huku, inafika wapi?"

"Chumbani kwako."

"Na nikikubali, sijengi."

"Hujengi, maadamu imesimama. Wala mtu mwingine hajengi."

Mama Nelly alitazama barabarani. Kila mavuno shemeji yake Theonest alikuja kutoka Ushirombo kumsukuma ang'oe vigingi, wajenge vyumba vya kupangisha, kwa kuwa kiwanja kizuri hakiwezi kukaa kinafagiwa tu.

"Hata Theonest?"

"Hata yeye."

Alicheka kidogo, akauchukua ungo wake.

Jumamosi mzee Januari alipiga hodi, akavua viatu vyake vya ngozi, akasimama sebuleni na soksi. Mama Nelly alitamka kwamba amekubali. Aliongeza sharti moja: aletewe taa, lakini isiwe ya betri. Alitaka ya upepo wenyewe.

Jioni Masalu alivuta waya, akauingiza kwa kupitia dirishani, akatundika taa juu ya mti aliousimika katikati ya nyumba. Giza lilipokaribia upepo ulishuka kutoka mashariki. Taa ikawaka, ikafifia, ikawaka tena, ikipumua pamoja na mapanga. Vivuli vya vigingi na kamba vikarefuka juu ya ardhi, na kila upepo ulipozidi, kuta zilisimama imara zaidi.

Mama Nelly alipita ukumbini akiwa na mkeka wake. Aliutandika chumbani, pale pale ulipoishia utepe, akalala chali.

"Masalu, hiyo nguzo umeikaza?"

"Nimeikaza, mama."

"Haya," akasema, akafumba macho.