Jiwe la Lango

Tangu asubuhi Notburga alikuwa hajaketi. Alikata zabibu mstari mmoja, akaacha kikapu njiani, akarudi kuutazama ukuta wa mawe unaoshikilia shamba lake la mteremkoni. Ukuta ulikuwa palepale. Akaugusa, akaondoka, akarudi tena.

Juu kilimani, Ngome ya Rafenegg ilikuwa imezungushiwa majukwaa ya mafundi. Karne nne ilikaa gofu, tangu wakulima walipoichoma moto, na sasa kijiji kizima kilishikwa na wazimu wa kuijenga upya. Mawe yake yalikuwa yametapakaa kwenye mazizi na hata kanisani, na hakuna aliyeyadai. Lililotafutwa ni moja tu, lile la juu ya lango, lenye tai. Notburga alijua lilipo. Mumewe alimwonyesha kwa siri walipooana: katikati ya ukuta huu, tai kageuzwa uso udongoni. Likitolewa, ukuta utaporomoka, na mizabibu aliyoipanda marehemu mumewe itakwenda nao.

Adhuhuri akaja shemeji yake Vigil, mwenye bucha na mwenyekiti wa kamati ya ngome, akiwa na mkate mweusi na nyama ya nguruwe iliyokaushwa kwa moshi.

"Shemeji, mbona unazunguka kama kuku anayetaka kutaga?"

"Zabibu hazijikati."

"Kikapu kiko kule, wewe uko huku." Akaegemea ukuta, akaanza kukata nyama. "Yule mwizi wa jiwe letu, nikimpata..."

Damu ikamchemka Notburga. "Mwizi? Kwani nani alilipandisha kule juu? Bwana wa ngome na pete zake vidoleni? Wakulima walilibeba kwa migongo yao, bila hata ahsante. Walipolishusha walichukua chao!"

Vigil akaacha kukata nyama. Akageuka taratibu kuutazama ukuta.

"Kumbe liko hapa."

Notburga alitamani ardhi immeze, lakini maneno yalikwisha kumtoka. "Liko. Lichukue. Ila trekta haikanyagi shamba langu. Utalibeba mgongoni mpaka langoni, kama walivyolibeba wao."

"Una kichaa wewe! Kwa mgongo huu?"

"Hao ni babu zako, Vigil. Mimi nimeolewa tu hapa."

Vigil akaitazama njia ya ngome inavyopanda. Akaweka kiganja juu ya mawe, pale ambapo marehemu ndugu yake alizoea kuegemea. Kisha akamsogezea shemeji yake kipande cha nyama.

"Fundi atachonga lingine," akasema. "Hebu kaa ule, unanitia kizunguzungu."

Notburga akakaa.