Vazi la Kuogelea Lenye Nafasi ya Kukua

Fundi alikuwa ameshona sare za shule miaka thelathini, na hakuna nguo iliyotoka mikononi mwake bila nafasi ya mtoto kukua. Basi mama yake mzazi, mwenye miaka sabini na moja, alipoambiwa na daktari aogelee la sivyo magoti yatamfunga kitini, fundi alikubali kumshonea vazi, shingo upande. Akashona mikono mirefu, sketi ya kufika vifundoni, na upindo wa vidole vinne.

"Upindo huu wa nini?" mama akauliza.

"Mazoea, mama."

Mazoea yakamuumbua. Siku ya kwanza mama aliposhuka ngazi za bwawa, sketi ilijaa hewa, ikapanda na kumzunguka kama mwavuli. Mapaja yaliyokusudiwa kufichwa yakaonwa na darasa zima. Wazee wenzake walicheka mpaka kocha akapiga filimbi.

"Mama, ukirudi na hema hilo sikuingizi majini. Litakuzamisha."

Mama akarudi dukani kwa fundi akichechemea, akajibwaga kitini, akaanza kusugua magoti. Roho ikamuuma fundi. Aibu yake mwenyewe ndiyo iliyomrudisha mama kwenye kile kiti.

Mama akatoa picha mkobani: msichana wa miaka ishirini, vazi la kuogelea limeishia juu kidogo ya magoti, anacheka peke yake.

"Ni wewe?"

"Ni mimi. Baba yangu alininunia mwezi mzima, na vazi akalikata matambara. Leo mjukuu wangu akiiona picha ananiuliza kwa nini niliogelea na gauni la ofisini." Akainuka kwa kushika meza. "Lete mkasi."

Mama akalivaa tena lile vazi. Fundi akapiga goti, akagusisha chaki kwenye kifundo.

"Panda."

Akapanda kidogo.

"Panda, usinipunje!"

Alipovuka goti, jasho lilikuwa linamtiririka.

"Hapo. Hapo ndipo babu yako aliponuna."

"Na mimi je, mama?"

"Nuna, mwanangu, ruksa. Lakini nuna huku unakata."

Wiki iliyofuata fundi alisimama kando ya bwawa, taulo mkononi, macho kayafumba. Akasikia maji yakipigwa, kisha kicheko. Akafumbua macho haraka, tayari kugombana na mtu.

Hakuna aliyemcheka mama. Aliyecheka ni mama mwenyewe, peke yake katikati ya maji, kicheko kilekile cha kwenye picha. Fundi akajifunika uso kwa taulo, maana sasa asiye na stara alikuwa yeye, analia mbele za watu.